Mkono wa Eskaveta Uliokuwa Ukilegea

Kabla sijaisimulia siku ile, hebu nikueleze kwanza jinsi eskaveta inavyosimama, kwa sababu usipolijua hilo utadhani niliogopa bure.

Eskaveta ni mashine ya kuchimba. Chini ina cheni mbili za chuma, moja kila upande, na hizo ndizo miguu yake. Juu ya cheni kuna kibanda cha dereva pamoja na injini, na sehemu hiyo yote huzunguka. Mbele kuna mkono mrefu wenye ndoo ya meno. Mkono huo unapata nguvu zake kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba mazito. Injini ikizima, hakuna cha kuyasukuma. Na raba zilizomo ndani ya mabomba zikichakaa, mafuta hupenya kidogo kidogo, hata injini ikiwa inanguruma, na mkono hulegea wenyewe.

Yetu ilikuwa na ugonjwa huo. Ukiiacha ndoo juu ukaenda kunywa chai, ukirudi unaikuta imeshuka shubiri mbili. Fundi alishasema raba mpya zimeagizwa kutoka Nairobi, na sisi tukangoja. Tukiulizwa tulisema mwenzetu ana usingizi, tukacheka. Leo nikiwa na madereva wanaojifunza, jambo hili huwaambia siku ya kwanza: ubovu ukishapewa jina la utani, hakuna tena anayeuona kuwa ni ubovu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nikikaa Mjambere, na kila alfajiri nikivuka kisiwa kizima cha Mombasa kwenda Changamwe, upande wa Port Reitz, ambako mkandarasi wetu alikuwa akiteremsha bomba la maji ya mvua kutoka kwenye nyumba za juu mpaka kwenye hori, yaani yale maji ya bahari yanayoingia ndani ya bara katikati ya mikoko. Mteremko wenyewe ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu akishuka kwa miguu hushika vichaka. Udongo wake ni wa mfinyanzi. Ukikauka ni kama tofali, ukilowa ni kama sabuni. Chini kabisa, juu kidogo ya mikoko, tulikuwa tumechonga mahali tambarare pa kusimamisha mashine, upana wake kama chumba kikubwa cha kulala.

Mwenzangu kazini alikuwa dereva wa tingatinga, mzee kutoka Likoni aliyekuja kwa feri kila siku na kikapu chake cha chakula. Kwao ni wakulima wa minazi tangu jadi. Yeye peke yake ndiye aliyeingia kwenye mashine. Nilimwita ami, ingawa hatukuwa na udugu wa damu, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Alifundisha kwa kurudia. Kwenye mteremko, panda wima na shuka wima, usipite ubavuni. Ndoo iende chini, karibu na ardhi, ili ukianza kuteleza uikite. Na ukifanya kazi ukingoni mwa maji, cheni zako zielekee majini, zisilale sambamba na ukingo. Ukingo ukimeguka na cheni zimeelekea majini, unarudi nyuma tu. Zikiwa zimelala sambamba, moja itazama na nyingine itabaki juu, na wewe utakuwa umekaa katikati. Alikuwa ameniambia maneno hayo labda mara mia. Nilikuwa na uwezo wa kuyasema naye.

Sasa kuhusu maji. Wewe uliyelelewa mbali na bahari utaniwia radhi nikienda taratibu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana na hujaa juu sana. Hiyo ndiyo bamvua. Kule bandarini walikuwa na vitabu vilivyopigwa chapa vya mambo haya. Sisi tulikuwa na vichwa vyetu. Mtu wa pwani akijua leo mwezi ngapi, anajua maji yatafika wapi saa ngapi, na mimi nililijivunia hilo. Fomeni wetu, mtu wa bara, mpole, Mkristo aliyekuja Mombasa kwa kazi, aliniuliza kila asubuhi maji yanafika saa ngapi, nami nikimtajia, akiandika kwenye kijitabu chake bila swali la pili.

Mwezi ule ulikuwa mfunguo mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, na Idi yake ilikuwa imetugawa. Redio ilitangaza kwamba mwezi umeonekana nchi za mbali. Msikiti wetu ukafuata, tukasali Idi, tukala biriani. Likoni kwa kina ami walisema hawakuuona kwa macho yao, wakafunga siku moja zaidi. Kwa hiyo tangu siku ile mimi na yeye tulihesabu mwezi tofauti, mimi nikiwa mbele kwa siku moja, na kila asubuhi ilikuwa mzaha.

"Leo mwezi ngapi?" aliniuliza asubuhi ile tukijaza mafuta.

"Kumi na sita, ami."

"Kwako wewe. Kwangu kumi na tano." Akafunga kifuniko cha tangi. "Wewe ulikula Idi ya redio. Maji hayana redio, mwanangu."

Nilimjibu kwamba bado ana uchungu wa kufunga siku ambayo sisi tulikuwa tunakula biriani. Akacheka, akaniambia nenda zako, akapanda tingatinga lake. Nami niliyachukua maneno yake kuwa ni yale yale ya msikiti. Fomeni alipokuja na kijitabu nikamwambia maji yatagusa pale tulipopachonga saa tisa kasorobo. Ningehesabu kwa mwezi wa ami ningesema mapema zaidi, kama saa nane hivi. Dakika hamsini. Sikuwaza hata kidogo.

Kufikia saa saba unusu nilikuwa nimebakiza kipande kidogo cha mtaro, kona moja ambayo mkono haukuifikia vizuri. Wafanyakazi wa koleo walikuwa wamepanda juu kula. Nilitazama saa, nikaona nina zaidi ya saa nzima. Ili niifikie kona ile ilibidi niigeuze mashine, cheni zilale sambamba na ukingo. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia ni dakika ishirini tu, na ardhi ni kavu.

Juu ilikuwa kavu. Chini yake maji yalikuwa yameshafika. Yalipita kati ya mizizi ya mikoko, mahali ambapo kutoka kwenye kiti sikuweza kupaona, yakaanza kuila ardhi ya ukingo kutoka ndani. Nilihisi kiti kikiinama upande wa majini, polepole mno, mpaka kwanza nilifikiri ni kizunguzungu. Halafu cheni ya upande wa maji ikazama kwa mshindo mmoja, na dirisha la mbele yangu, lililokuwa limejaa mikoko na anga, likajaa maji matupu.

Mkono wangu ulifanya kazi kabla ya akili. Niliushusha mkono wa eskaveta, nikaikita ndoo kwa nguvu zote. Ingekuta tope tupu nisingekuwa naandika haya. Ilikuta jiwe la matumbawe chini ya tope, ikashika. Mashine ikasimama, imeinama, imeegemea mkono wake kama mtu aliyeanguka akajishika kwa kiganja.

Nikashusha pumzi. Kisha nikahisi kiti kinainama tena, kidogo, kama upana wa kidole. Mkono ulikuwa unalegea.

Nilivuta wenzo, ule mpini wa kuuongoza mkono wa mashine, mafuta yakasukuma, tukainuka kile kidole kimoja. Nikangoja. Baada ya muda kama wa kusoma Fatiha, tukainama tena. Nikavuta tena. Hapo nilielewa hali yangu yote. Maadamu injini inanguruma na mkono wangu uko kwenye wenzo, mashine itasimama. Nikiuachia, itakwenda majini, kibanda kwanza. Na maji yanapanda, na injini ya dizeli ikimeza maji huzima.

Ami aliteremka mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alisimama kwenye mteremko, upande wa mlango wangu, akatazama ndoo, akatazama cheni, akatazama mikoko, kisha akaniuliza kama ninaweza kushikilia. Nilimwambia mkono unalegea. Akasema anajua unalegea, anauliza kama ninaweza kushikilia.

Nikasema naweza, lakini si kwa muda mrefu. Akaniambia basi nitoke, niache mashine iende. Nilianza kuinuka, na nilipougusa wenzo tu kuuachia, mashine ikaruka, ikashuka shubiri nzima, na mlango ukapiga ukingo wa chuma mbele ya uso wangu. Ami akapaza sauti nirudi nikae. Haikulegea tena taratibu; jiwe lilikuwa linateleza chini ya meno ya ndoo. Tuliona sote wawili kwamba atakayetoka pale huenda asimalize kutoka. Lazima mashine ifungwe kwanza, ishikiliwe na kitu kingine, ndipo mtu atoke.

Alileta tingatinga mpaka katikati ya mteremko, wima, akalishusha jembe lake likazama kwenye udongo, akafungua waya mnene wa kuvutia. Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika juu; aliwafukuza wote wasogee mbali, mara mbili ya urefu wa waya, maana waya wa chuma ukikatika hurudi kwa kasi na hauchagui wa kumpiga. Akatandaza magunia yenye mchanga juu ya waya ili ukikatika uanguke chini. Haya yote aliyafanya bila haraka, nami nikimtazama kupitia mlango, nikivuta wenzo, nikingoja, nikivuta, maji yakipanda kwenye cheni kifundo baada ya kifundo.

Hapa pana jambo la kueleza. Eskaveta haivutwi kwa ndoo wala kwa mkono wake. Ukifanya hivyo unaweza kuipindua. Huvutwa kwa tundu lililoko chini, kwenye fremu, katikati ya cheni mbili. Kulifikia tundu hilo mtu hulala kifudifudi na kujisukuma ndani, chini ya tumbo la mashine. Siku ile pale katikati palikuwa na maji ya kufika kifuani kwa mtu aliyelala.

Fomeni alisema watafutwe vijana wawili wenye nguvu. Ami akamwambia hiyo si kazi ya vijana. Akavua shati, akalitundika kwenye tingatinga, akachukua shakli, ile pete kubwa ya chuma ya kufungia waya, na spana moja. Akaja mpaka mlangoni kwangu.

"Nikiwa huko ndani hutanisikia," aliniambia. "Nitagonga fremu. Mara moja, maana yake nipo, shikilia. Mara tatu, nimemaliza."

"Ami, jiwe linateleza."

"Ndiyo maana uko juu yake wewe. Ningekuwa nimemfundisha mwingine ningeogopa zaidi."

Akainama akapotea.

Nikaanza kuogopa upya, kwa namna nyingine. Mpaka pale nilikuwa ninajiogopea mimi. Hofu ile ina sauti, inakufanya utake kukimbia. Hii ya pili haikuwa na sauti. Chini ya kiti changu, chini ya tani zote zile za chuma, alikuwa amelala mtu mwenye mke na watoto ng'ambo ya feri, na kilichozuia chuma kisimlalie ni raba zilizochakaa na vidole vyangu vinne.

Ngo. Niliisikia kwa matako kuliko kwa masikio, ikipanda kwenye kiti. Nipo, shikilia.

Nikavuta wenzo. Lazima nivute kidogo mno, maana nikivuta sana mashine ingeinuka na kuyumba, na yeye yuko katikati ya cheni. Kidogo mno, na mapema. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta.

Ngo.

Maji yaliyokuwa yakiruka yakipiga cheni yakaanza kuifikia feni ya injini. Ilikuwa ikiyarusha nyuma, na kila iliporusha, injini ilibadilisha mlio kidogo, kama mtu anayekabwa na mate. Nilianza kusoma kila sura niliyoijua, nikichanganya aya.

Ngo.

Halafu ikanyamaza. Nilingoja. Nikavuta wenzo, nikangoja, nikavuta tena, na hakuna kitu. Nilimwita, na injini ikaimeza sauti yangu. Fomeni alikuwa juu, mikono kichwani. Nilitazama maji upande wa mlango kama nitaona kiganja au unywele wake. Niliona maji tu, ya kahawia, na jani la mkoko likielea.

Na hapo jiwe likateleza tena. Mashine ikashuka, upana wa kiganja, na kibanda chote kikalia.

Nitasema kilichotokea, maana nimewahi kukificha na hakikunisaidia. Mguu wangu wa kushoto ulitoka nje. Sikuuamuru, ulitoka wenyewe, ukakanyaga ngazi ya mlango, na mwili ukaanza kuufuata. Akilini nilikuwa nimeshajiambia kwamba ami amekufa, amezama tayari, kwa hiyo hakuna ninayemwacha. Nililiamini neno hilo kwa sababu lilinipa ruhusa. Mkono wangu wa kulia peke yake ndio uliobaki kwenye wenzo, na hata huo ulikuwa umeshaanza kunyooka.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Labda ni pumzi mbili. Kisha nikafikiri: kama hajafa? Haikuwa ushujaa. Ilikuwa ni hesabu tu, nami nilikuwa nimeshakosea hesabu moja siku ile. Nikaurudisha mguu ndani, nikakaa, nikavuta wenzo.

Ngo, ngo, ngo. Zilikuwa laini mno, si za spana. Baadaye aliniambia spana ilimponyoka majini na alikuwa akigonga kwa pini ya shakli mpaka ikambidi aitumbukize mahali pake, kisha akagonga kwa ngumi.

Alitoka kinyumenyume, akiwa tope kuanzia kisogoni, akatapika maji, akapanda mteremko kwa magoti. Fomeni alitaka kumshika mkono, naye akamwonyesha kwa kidole asogee mbali na waya. Akapanda tingatinga. Waya ukakazika taratibu, magunia yakainuka kutoka ardhini, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kiti changu kilitulia bila mimi kukifanya chochote. Akaniashiria kwa kiganja: cheni, polepole. Nikazizungusha, yeye akivuta, mimi nikisaidia kwa mkono wa mashine. Tope lilikuwa limeinyonya cheni ya chini na halikutaka kuiachia. Liliachia ghafla, kwa sauti kubwa ya mnyonyo. Tukapanda mshazari, kisha wima, maji yakimwagika kila upande, mpaka kwenye ardhi kavu. Nikaishusha ndoo mpaka ikalala chini, nikazima injini.

Sikuweza kufungua vidole. Wafanyakazi walikuja kunipongeza, na mmoja wao ndiye aliyenibandua kwenye wenzo kidole kimoja kimoja, akinitania kwamba bwana harusi amekataa kumwachia bibi harusi. Nilicheka. 

Fomeni alikuja na kijitabu chake. Alitaka kujua maji yaliwahi vipi, na alikuwa mwungwana, hakusema kwamba mimi ndiye niliyemtajia saa. Nilimwambia saa niliyompa ilikuwa ya makosa, na mashine niliigeuza mimi kwa hiari yangu. Akaandika. Akaniuliza kama aandike pia kwamba mkono ulikuwa mbovu na wote tulijua. Nikasema aandike, tena liwe la kwanza. Kesho yake mashine haikuguswa, na haikuguswa mpaka raba zilipofika.

Wenzetu walipokwenda kunawa, nilimkuta ami amekaa juu ya jiwe, shati mkononi. Nilikuwa nimejipanga kumwomba radhi kwa hesabu yangu ya mwezi. Nilikuwa na maneno tayari. Yeye alianza.

"Mguu wako niliuona."

Nilitazama chini, kwenye mguu wenyewe.

"Pale nilipolala, ngazi ya mlango iko hapa." Akaonyesha mbele ya pua yake. "Nikasema, huyo anakwenda zake. Nikakiacha kile chuma, nikasoma shahada."

"Nisamehe, ami."

"Kisha ukarudi. Basi na mimi nikarudi kwenye kazi."

Nilimwambia kwamba nilitaka kwenda, wallahi, kwamba nilikuwa nimeshakwenda moyoni. Alisema anajua, mguu hautoki bila moyo. Akasema miaka iliyopita, kazi nyingine, yeye aliwahi kutoa miguu yote miwili, na aliyekuwa chini hakuwa na bahati kama aliyoipata yeye leo. Hakuniambia ni nani wala wapi, na kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja baada ya hapo sikumuuliza.

Akavaa shati. Alijaribu kifungo cha juu, kikamponyoka, akajaribu tena. Niliona vidole vyake vinatetemeka vibaya mno, kama vya mtu mwenye homa. Akanitazama, akaacha kujaribu, akashusha mikono pembeni. Nikapiga goti mbele yake nikaanza kumfunga, kifungo kimoja kimoja, na kwa kuwa vidole vyangu navyo vilikuwa vinatetemeka, ilituchukua muda mrefu.